Biashara Haigombi

Wahenga walinena kuwa biashara haigombi. Mwenye duka humkaribisha kila amjiaye. Lakini katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, alikuwako mtu aliyegombana na wateja mlangoni pake, na ugomvi huo ukamfikisha kwenye kiti cha gavana.

Mtu huyo ni Lester Maddox, aliyezaliwa mwaka 1915. Hakumaliza shule. Mwaka 1947 alifungua mkahawa ulioitwa Pickrick, ukasifika kwa kuku wa kukaanga wa bei nafuu. Katika matangazo yake magazetini alichanganya habari za kuku na maneno ya kupinga weusi na weupe kukaa pamoja. Weusi aliwaajiri kazi. Kuketi mezani na kula aliwakataza.

Aligombea umeya mwaka 1957 na 1961, akashindwa. Tarehe 2 Julai 1964 Rais Johnson alitia sahihi Sheria ya Haki za Raia, iliyoamuru mikahawa kumpokea kila mtu bila kujali rangi. Kesho yake vijana watatu weusi, wanafunzi wa chuo cha dini, walikwenda Pickrick kula. Maddox aliwafukuza kwa bastola, huku wafuasi wake wameshika mipini ya sururu. Vijana walishtaki, nayo mahakama ikaamuru wapokewe. Mwaka 1965 Maddox aliona heri kuufunga mkahawa kuliko kuwapa weusi chakula.

Hasara hiyo ya mfanyabiashara ikawa faida ya mwanasiasa. Katika uchaguzi wa ugavana wa mwaka 1966 mpinzani wake, Howard Callaway, alimzidi kura kidogo. Lakini kwa kuwa hakuna aliyepata zaidi ya nusu, baraza la kutunga sheria la jimbo lilimchagua Maddox, Januari 1967.

Madarakani aliwashangaza wengi. Aliwateua weusi katika kazi za serikali kuliko magavana waliomtangulia, na akatenga siku za wananchi wa kawaida kuingia ofisini kwake kueleza shida zao. Hata hivyo, Martin Luther King alipozikwa Atlanta tarehe 9 Aprili 1968, alikataa kufunga ofisi za jimbo, akalizungushia jengo la serikali askari wenye silaha. Sheria haikumruhusu kugombea kipindi cha pili mfululizo, akawa naibu gavana toka 1971 hadi 1975. Mwaka 1974 aliutaka tena ugavana, akakosa. Alifariki mwaka 2003, bila kuukana ubaguzi wake.

Mlango wa chumba cha kulala ni wa mwenyewe. Mlango wa biashara umeelekezwa barabarani, na apitaye barabarani ana haki ya kuuingia. Mzazi amfunzaye mwanawe kupima sukari na unga, na amfunze pia kuwapimia wote kwa kipimo kimoja.