BEGA LILILOTEGUKA HALIPONI KWA KUBANWA TU

Tarehe 20 Oktoba, 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti na kugonga bega chini. Alifungwa bendeji, akaendelea, akawa wa mwisho kati ya wakimbiaji 57 waliomaliza. Taifa lingali likimsifu kwa ushupavu huo, na ndivyo ipasavyo. Lakini liko somo jingine ambalo ni nadra kutajwa: bendeji ilimsaidia kumaliza mbio, haikuwa tiba ya majeraha.

Somo hilo linahitajika leo Mbulu na Hanang. Kijana huanguka na pikipiki, au huvutwa na maksai wa plau, au huangushwa uwanjani shuleni, na bega likamteguka. Aliye karibu huuvuta mkono, kisha jamaa hununua mkanda wa mpira wa kubana bega. Maumivu yakitulia, hudhaniwa amepona. Siku anayonyanyua jembe kwa nguvu, bega huchomoka tena.

Hilo si la ajabu. Bega hugeuka pande nyingi kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na uhuru huo una gharama. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea ni kifupi, mfano wa chungwa juu ya kisahani. Kinachokizuia kisianguke ni kano, ukingo wa gegedu na misuli. Bega likiteguka, ukingo huo huweza kuchanika na kano kulegea. Kwa kijana wa umri wa shule, hatari ya kuteguka tena ni kubwa.

Mkanda wa kubana haushoni kilichochanika. Faida yake ipo, nayo isidharauliwe: hutia joto, hupunguza maumivu, na humkumbusha mgonjwa asiupeleke mkono mbali. Lakini ni msaidizi tu. Tena ukikazwa mno, vidole hufa ganzi na kuvimba. Hapo hauna budi kulegezwa mara moja.

Tiba ina hatua zake. Mkono usivutwe na asiye na ujuzi, kwa kuwa mishipa ya fahamu na ya damu hupita kwapani, na huenda mfupa umevunjika. Utundikwe shingoni kwa khanga, na mgonjwa apelekwe hospitali yenye eksirei. Wilayani Mbulu, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imekuwapo tangu mwaka 1955. Bega likisharudishwa na kupumzishwa, hufuata mazoezi ya misuli ya bega na ya mgongo wa juu, kwa miezi kadhaa. Linaloendelea kuchomoka huenda likahitaji upasuaji.

Hatua ya mazoezi ndiyo iachwayo upesi, ingawa gharama yake ni ndogo: ukuta wa kusukuma, na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli cha kuvuta. Hapa ndipo wajibu wa mwalimu na mtumishi wa umma ulipo. Mwalimu asimrudishe mwanafunzi uwanjani kwa sababu tu amevaa mkanda. Mganga wa zahanati amwoneshe mgonjwa mazoezi kabla ya kumruhusu kwenda nyumbani. Mkuu wa kazi ampe mfanyakazi nafasi ya kurudi kliniki.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mkulima wa vitunguu swaumu wa Mbulu au wa ngano wa Hanang, bega ndilo jembe lenyewe.