Soko la Kazi Lijengwe Pale Tulipo Tayari



Leo siandiki kuhusu kura. Naandika kuhusu mshiko, ingawa mwisho wa siku hivi vitu viwili ni ndugu. Kijana asiye na kipato chake ni rahisi kununuliwa. Anapewa tisheti, anapewa buku saba, kesho yake anaandika asichokiamini. Kwa hiyo swali la kijana atapata wapi kazi ya halali na atalipwaje ni swali la siasa, hata kama wakubwa wetu wanaliona ni mambo ya watoto wa intaneti.

Hoja yangu ni hii. Mitandao ya kijamii inayoendeshwa kwa blokcheni tayari ina watu, ina akaunti na ina pochi za fedha. Iongezewe soko la kazi za kujitegemea humo humo ndani. Tusisubiri programu nyingine mpya. Na sisi vijana tuwe wa kwanza kulidai na kulijaribu, ila kwa masharti. Bila masharti tutakuwa tumehamisha unyonyaji kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Hali ilivyo sasa

Mnaofanya kazi za mtandaoni mnajua. Fiverr inakata asilimia 20 ya malipo ya muuzaji. Umetengeneza nembo ya dola 50, unabaki na 40. Upwork unalipia hata kuomba kazi: unanunua pointi za maombi, kila moja senti 15 za dola, na maombi mengi hayajibiwi. Ukishapata hiyo 40 yako, kasheshe linahamia kwenye kuitoa. PayPal kwa miaka mingi imemruhusu Mtanzania kulipa, siyo kupokea. Kenya wenzetu wameunganishiwa na M-Pesa tangu 2018, kwa hiyo kuna vijana wetu wanaopitishia jasho lao kwa rafiki wa Nairobi, naye anakata chake. Hapo umeshakatwa mara mbili na bado hujala.

Ila kukatwa siyo jambo baya kuliko yote. Jambo baya ni kwamba jina lako si lako. Nyota zako, maoni ya wateja, historia ya kazi za miaka mitano, vyote vinakaa kwenye kompyuta za kampuni. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kampuni ya Scale AI ya Marekani, lilifunga shughuli zake Kenya. Vijana waliokuwa wakitegemea kazi zile za kufundisha akili mnemba waliamka wakakuta mlango umefungwa. Huwezi kwenda na cheti cha Remotasks kwa mwajiri mwingine.

Kitu kipo, hakitumiki

Blokcheni kwa lugha ya kijiweni ni daftari ambalo nakala zake zinashikwa na watu wengi, kila ingizo linaonekana, na hakuna mtu mmoja wa kuchana ukurasa. Mwaka 2016 walitokea jamaa wawili, Ned Scott na Dan Larimer, wakajenga mtandao wa kijamii juu ya daftari la namna hiyo, ukaitwa Steemit. Unaandika, watu wanakupigia kura, baada ya siku 7 unapata malipo kwa sarafu ya mtandao. Kutoka huko ndipo ilipozaliwa Hive mwaka 2020, ambayo ipo mpaka leo. Kutuma hela ndani ya Hive hakuna makato ya muamala, na inafika kwa sekunde chache.

Sasa sikia hili ambalo wengi hawalijui. Ndani ya mfumo wa Hive, tangu enzi za Steem, kuna utaratibu wa hela kushikwa katikati. Mteja anaweka malipo kabla kazi haijaanza. Hela haikai kwake wala kwako, inafungwa kwenye mfumo. Mnachagua pamoja mwamuzi mmoja. Mwamuzi na wewe msipokubali ndani ya muda uliopangwa, hela inarudi kwa mteja. Mkikubali, unafanya kazi, mteja anaachia hela, mnaachana kwa amani. Mkigombana, mwamuzi anaamua iende kwa nani.

Huo ndio moyo wa soko la kazi. Fiverr na Upwork wanachouza hasa ni hicho: kushika hela katikati ili mteja asikutapeli na wewe usimtapeli. Hapa kipo bure. Kinachokosekana ni meza ya mbele: ukurasa wa kutangaza kazi, kitufe cha kuomba, mahali pa kukabidhi kazi na kuona historia ya mtu. Mafundi wachache wa programu wanaweza kuijenga bila kuanza na msingi.

Kuanza upya kabisa kuna ugumu wake. Soko linahitaji wauzaji na wanunuzi siku ile ile. Ukifungua soko jipya porini, wauzaji watakuja na matenga yao, watakaa mpaka jioni, wataondoka. Pale ambapo watu wanakutana kila siku kuandika na kubishana, kuongeza genge la kuuzia ni hatua fupi.

Tusijidanganye: tayari kumewahi kujaribiwa

Mwaka 2017 ilianzishwa Utopian juu ya Steem. Ililipa watu waliochangia programu huria: waandishi wa kodi, watafsiri, wachoraji, watafuta hitilafu. Wazo zuri sana. Lakini malipo hayakutoka kwa mteja mwenye shida ya kazi ile. Yalitoka kwenye kura za mtandao, na thamani ya kura ilifuata bei ya sarafu. Mwanzoni mwa Januari 2018 Steem moja ilipita dola 7. Kufikia mwisho wa mwaka ule ule ilikuwa haifiki hata nusu dola. Kazi ile ile, jasho lile lile, malipo yameyeyuka, na Utopian haikudumu. Kura za mashabiki siyo mshahara. Soko la kweli ni lile ambalo mwenye shida ndiye anayelipa.

Somo la pili litawagusa zaidi ninyi. Februari 2020 tajiri Justin Sun alinunua kampuni ya Steemit. Katika mtandao ule uzito wa kura yako ni idadi ya sarafu ulizofungia ndani. Machi ikafika, masoko makubwa ya sarafu, Binance, Huobi na Poloniex, yakachukua sarafu ambazo wateja wao walikuwa wameziweka kwa usalama, yakazipigia kura upande wa Sun. Yaani umeweka hela benki, benki inakupigia kura bila kukuuliza. Sisi tunaojua kura feki tunaielewa hiyo bila mkalimani. Binance na Huobi baadaye waliondoa kura zao. Lakini wanajumuiya walishachoka, wakalinakili daftari zima, tarehe 20 Machi 2020 wakahama nalo kwa jina la Hive. Kwenye Remotasks walioachwa walibaki mikono mitupu. Hapa waliogoma waliondoka na daftari lao. Hiyo tofauti ndiyo inayonifanya niitetee teknolojia hii, pamoja na kasoro ya kura zake kupimwa kwa mfuko wa mtu.

Masharti yetu

Kwanza, sifa ya mtu ihesabiwe kwa kazi, siyo kwa laiki. Kwenye Hive alama ya sifa inaanzia 25 na inapanda kwa kura za posti. Mtu anaweza kuwa na alama 70 kwa kupost picha za machweo. Hiyo haisemi kama anajua kuhariri video. Soko lihesabu kazi iliyolipwa na kukamilika tu.

Pili, bei zipangwe kwa HBD, sarafu ya Hive inayolenga thamani ya dola moja ya Marekani. Siyo dhamana ya benki na imewahi kuyumba, kwa hiyo usiitunzie ada ya chuo. Ila kwa kazi ya wiki moja ni afadhali mara kumi kuliko sarafu inayopanda na kushuka kama bembea.

Tatu, waamuzi wajulikane, na maamuzi yao yote yasomeke hadharani. Wawepo wanaosoma Kiswahili. Mwamuzi asiyejua lugha ya kazi ataamuaje ugomvi wa tafsiri?

Nne, na hili nalisisitiza: muda wa mwisho. Katika utaratibu ule wa hela kushikwa katikati, muda ukipita bila mtu kufungua mgogoro, upande wowote unaweza kuielekeza hela kokote, kwa mfanyakazi au kurudi kwa mteja. Anayewahi ndiye mshindi. Sasa fikiria Tanzania. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ilichukua siku kadhaa kurudi. Kijana mwenye kazi mkononi hakuweza kukabidhi, hakuweza hata kumwambia mteja kinachoendelea. Kama hela yake ingekuwa imefungwa kwenye mfumo huo na muda ukaisha gizani, mteja angeweza kuichukua na kazi akawa nayo. Kwa hiyo muda wa kufunga usiwe siku mbili tatu baada ya kukabidhi. Uwe wiki kadhaa, na programu iufungue mgogoro kwa niaba ya aliyezimiwa mtandao.

Hapo mnaona mpaka wa teknolojia. Blokcheni haipiti hewani kwa miujiza. Mwenye swichi ya intaneti bado ana swichi ya riziki yako.

Serikali isituchezee

Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa tangazo kwamba fedha halali nchini ni shilingi na kwamba matumizi ya sarafu za kidijitali yanakiuka kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021 Rais Samia akaiambia Benki Kuu ijiandae kwa sarafu hizo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwenye kukatwa tunatambuliwa haraka. Kwenye kulindwa tunabaki na tangazo la onyo. Ukitapeliwa ukaenda kituoni, utaulizwa wewe ulikuwa unafanya nini na sarafu hizo.

Tunachotaka siyo kusamehewa kodi. Tunataka njia halali na ya wazi ya kubadilisha malipo ya kazi kuwa shilingi kwenye simu, na kodi itozwe kwenye kipato, siyo kwenye kila hela inapopita. Na tunataka intaneti isizimwe. Mkulima hafungiwi shamba kwa sababu kuna uchaguzi.

Tuanzie nyumbani

Najua swali lenu: wateja watatoka wapi, mtandao wenyewe mdogo? Kweli ni mdogo. Wa kwanza ni wajenzi wa programu waliomo humo, wanaohitaji tafsiri, michoro na video. Wa pili tuwe sisi wenyewe.

Hili litawaudhi baadhi ya viongozi wetu, lakini acha niseme. Mabango ya chama, video za mikutano, kurasa za wagombea, nani anazitengeneza? Vijana, usiku, kwa bando lao, bure, kwa jina la kujitolea. Hatuwezi kupiga kelele kuhusu ajira huku sisi wenyewe tunakopa jasho bila kulipa. Napendekeza kila mkoa uanze na kazi moja tu kwa mwezi: bango moja, hela iwekwe kabla, mwamuzi ajulikane, malipo yaonekane kwenye daftari. Hata kama ni dola 10. Kijana atapata hela na historia ya kazi ambayo hakuna mtu wa kumnyang'anya, hata siku akikihama chama.

Na wewe unayetaka kujaribu leo, chukua moja la kushika. Hive inakupa funguo tofauti: ya kupost na ya fedha. Ya fedha usimpe mtu yeyote, hata akijiita kamanda. Andika karatasini, ficha.

Buku saba inaisha jioni. Historia ya kazi yako inabaki.

Tukutane kazini.