Kura zingali kwenye mtumbwi: kandida asikubali kushindwa mbele ya hesabu kuisha



Wakati wa asamble jenerali unakaribia, na koperative nyingi za upande wa Kinkondja zitachagua komite mpya. Safari hii sisi waagronome tunaacha kidogo mambo ya mbegu na mbolea. Tunataka kuongea juu ya dakika moja inayoweza kuharibu koperative kuliko mozaiki inavyoharibu mihogo: ile dakika kandida anasimama kusema "nimeshindwa", na huku kura zingine hazijahesabiwa.

Mnajua vile inakuwaka. Tuseme masanduku ya hapa kati yamefunguliwa: mmoja ana kura 112, mwenzake 104. Sanduku la wanamemba wa ng'ambo ya ziwa Kisale halijafika, upepo ulikuwa mkali, mtumbwi umechelewa. Jua linazama. Wazee wanaanza kumsukuma yule wa 104: "Achilia tu, batu baende kulala. Tunangoya nini tena?" Naye anaogopa kuonekana mtu wa fujo. Anasimama, anampa mwenzake mkono, wamama wanapiga vigelegele. Kesho yake asubuhi sanduku linafika na kura 31 ndani. Nani atalifungua?

Maoni yetu ni haya: kandida huyo ametoa zawadi kitu kisichokuwa chake. Zile kura 31 ni za wanamemba 31, waliolipa mchango wao sawa na wengine.

Hatukatai kwamba kukubali kushindwa ni jambo la heshima. Kule Zanzibar, mwaka 1995, wakubwa wawili walitenganishwa na kura zisizofika 1.600, na ugomvi juu ya matokeo uliendelea miaka mingi. Mwaka 2010 Maalim Seif Sharif Hamad alipata kura 176.338, Ali Mohamed Shein 179.809. Tofauti haikufika 3.500. Seif alikubali, akaingia katika serikali ya umoja kama Makamu wa Kwanza wa Rais, na watu walikwenda kwenye kazi zao kwa amani. Lakini angalieni vizuri: alikubali baada ya tume kutangaza hesabu nzima. Wafuasi wake walijua ni kura ngapi zilikosekana.

Mtu atatuuliza: na Goodluck Jonathan wa Nigeria? Ni kweli, tarehe 31 Machi 2015 alimpigia simu Muhammadu Buhari kumpongeza, tume ingali inatangaza matokeo. Dunia nzima ilimsifu, na sisi pia tunamsifu. Lakini yeye alikuwa ameachwa mbali. Hesabu ilipoisha, tofauti ilipita milioni 2 na nusu. Kura zilizobaki hazikuweza kumwokoa. Hapo kungoja kungeongeza tu hasira.

Basi kipimo ni kutoa hesabu, kama mtoto wa shule: chukua tofauti kati ya wakandida wawili, ilinganishe na kura zinazobaki. Kura zinazobaki zikiwa chache kuliko tofauti, kandida anaweza kumpa mwenzake mkono hata leo. Zikilingana nayo au zikiizidi, anyamaze kwanza. Kwa mfano wetu, tofauti ni 8 na kura zinazobaki ni 31. Hakuna aliyeshinda bado.

Al Gore wa Marekani alijifunza jambo hili usiku mmoja. Novemba 2000, televisheni zilisema George Bush ameshinda jimbo la Florida, na Gore akampigia simu kukubali kushindwa. Kabla hajafika mbele ya watu wake kusema, tofauti ilikuwa imepungua sana. Akapiga simu ya pili, akarudisha neno lake. Mwishoni tofauti ya Florida iliandikwa kura 537, kwa kura karibu milioni 6. Mahakama Kuu ilisimamisha kuhesabu upya, na tarehe 13 Desemba Gore akakubali. Simu yake ya kwanza haikufuta hata karatasi moja, lakini iliwapa wengi sababu ya kumwona kama mtu anayekataa kushindwa mara ya pili. Neno lililotoka haraka ni vigumu kulirudisha.

Ghana walifanya vizuri zaidi. Desemba 2008, duru ya pili, John Atta Mills alikuwa mbele ya Nana Akufo-Addo kwa kura karibu 23.000. Eneo moja, Tain, sehemu ya wakulima, halikuwa limepiga kura, na walioandikwa huko walizidi 53.000. Mkubwa wa tume alikataa kutangaza mshindi. Inchi nzima, pamoja na watu wa mji mkuu Accra, ikangoja wakulima wa Tain mpaka tarehe 2 Januari 2009. Haikukosa ubishi: chama cha Akufo-Addo kilikataa kushiriki kura ile ya Tain. Lakini hesabu ilipotimia, Mills akiwa na asilimia 50,23, Akufo-Addo alikubali. Miaka 8 nyuma yake, alichaguliwa yeye mwenyewe.

Na kwetu Kongo? Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, CENI iliahirisha kura za Beni, Butembo na Yumbi mpaka Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama. Rais aliapishwa tarehe 24 Januari. Kwa matokeo ya CENI, tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kura karibu 684.000, na walioandikwa katika sehemu zile walipita milioni 1. Nani alikuwa na haki si kazi ya gazeti letu kusema; Mahakama ya Katiba ilikata. Tunasema jambo moja tu: mkulima wa Beni aliona rais anaapa, na kura yake ya rais hakuipiga kabisa. Tusimfanyie vile mwenzetu wa ng'ambo ya ziwa.

Sheria ya OHADA juu ya koperative, ambayo inchi yetu imeifuata tangu 2012, inasema kila mwanamemba ana kura moja, hata awe na sehemu ngapi za mtaji. Haisemi kura ya aliye karibu na ofisi. Tena, mara nyingi lile sanduku linalochelewa lina pia kura za komisyo ya usimamizi, wale watakaochunguza kesye. Kandida wa uprezida akiachilia na watu wakitawanyika, na hizo pia zinapotea. Wakati wa kupima mahindi, nani anafunga kitabu cha mizani na huku magunia yangali kwenye mtumbwi?

Tunajua hofu yenu. Usiku mrefu unaleta maneno, pombe, na watu wa kununua kura. Kwa hiyo kungoja kuwe na utaratibu, na utaratibu ukubaliwe mbele ya kura ya kwanza kupigwa. Andikeni kwenye ubao idadi ya walioandikwa kwa kila sehemu, ili kila mtu aone zinazobaki. Pangeni siku na saa ya mwisho ya kupokea masanduku, mkijua hali ya maji. Kila sanduku lisafiri limefungwa, pamoja na shahidi mmoja wa kila kandida. Giza likiingia, fungeni kikao, masanduku yabaki na mashahidi hao hao, asubuhi muendelee. Wakandida wote wawili waahidi mbele ya asamble: hakuna kujitangaza mshindi, hakuna kukubali kushindwa, mpaka prose-verbali isomwe.

Ikiisha kusomwa, aliyeshindwa asimame siku ile ile, ampe mwenzake mkono, akubali kwa sauti. Hapo vigelegele ni haki yake. Na mwanamemba aliyevuka ziwa na sanduku atarudi nyumbani akijua kura yake ilifunguliwa, na mavuno yake ataendelea kuyaleta kwenye depo yenu.