Msituambie Ni Vitabu vya Uongo

Kuna jambo limenikereketa tangu muhula wa kwanza, na kwa kuwa mhariri amenipa nafasi, leo nalitoa.

Mjomba alinikuta nikisoma The Hunger Games, riwaya ya Mmarekani Suzanne Collins iliyotoka mwaka wa 2008. Akafungua katikati, akaona watoto wanauana, akanirudishia. Ati nisome vitabu vya maana, huo ni uongo wa wazungu. Sikumjibu, maana ni mjomba. Namjibu hapa.

Hadithi ni ya siku zijazo. Nchi ya Panem imejengwa juu ya mabaki ya Amerika Kaskazini. Mji mkuu unakula na kusaza, huku wilaya 12 zikiutumikia. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana na msichana kwa kura, wapigane kwenye televisheni mpaka abaki mmoja. Wengi hudhani kitabu ni hicho tu.

Kwangu mimi, kitabu kiko kwenye hesabu ya majina. Ukiwa na miaka 12 jina lako huingia kurani mara moja, ukiwa na 13 mara mbili, hivyo hivyo hadi 18. Lakini maskini anaruhusiwa kuliongeza, apewe nafaka na mafuta kidogo ya mtu mmoja kwa mwaka. Katniss ana miaka 16 kama mimi, na analisha mama na mdogo wake. Watu watatu kwa miaka mitano ni mara 15, ongeza 5 za lazima, jumla 20. Niliipiga nyuma ya daftari ikatoka sawa. Rafiki yake Gale ana 42. Mwenye umri wa Katniss ambaye kwao kuna chakula ana 5 tu. Na yote ni kwa mujibu wa sheria, hakuna aliyeiba kura!

Sasa uongo uko wapi, mjomba? Nilipokuwa darasa la saba, majina ya wenye deni la pesa za mtihani yalisomwa gwaride kila Jumatatu. Langu halikukosa. Hakuna aliyeuawa, sisemi ni sawa. Lakini najua mtu anavyosimama akingoja jina lake, na najua kuna wenzangu waliokuwa wakipiga soga wakati orodha ikisomwa.

Filamu yake ya 2012 siisifu sana. Tulipoitazama kwa jirani, vijana walishangilia kila mtoto akianguka. Kumbe sisi ndio tumekuwa watazamaji wa mji mkuu, tena na njugu mkononi.

Na mambo haya si ya wazungu pekee. Katama Mkangi, ambaye serikali ilimweka kizuizini mwaka wa 1986, alitoa Walenisi mwaka wa 1995. Humo Dzombo anatoka nchi ya dhuluma kwa chombo cha angani. Likate jina hilo uone: wale ni sisi. Shida ni kwamba Dzombo ni mtu mzima, na mimi niliisoma kamusi ikiwa kando. Ya rika letu, kwa Kiswahili chetu, sijaiona katika maktaba yetu.

Kwa hivyo namwomba mlezi wa chama: mwakani shindano la insha liwe la hadithi za aina hii, zianzie hapa kwetu. Kwa sasa, nakala yangu haina jalada lakini kurasa zote zipo. Anayeitaka anione Kidato cha Tatu, dawati la nyuma karibu na dirisha.