Posti Kila Siku? Hata Majani Chai Hayachunwi Kila Siku



Leo sina video, nina maneno. Najua kuna wenzangu wa hapa Sotik hawatayapenda, lakini wacha niseme.

Kuna mafundisho yanatuharibu sisi vijana wenye kurasa ndogo za kujifurahisha. Yanasema hivi: posti kila siku bila kukosa, la sivyo utasahaulika. Ukifungua simu, mwalimu fulani wa mtandaoni anakwambia posti asubuhi, posti mchana, posti jioni. Na sisi tunaitikia. Mtu ana wafuasi 300, wengi ni binamu zake na watu aliosoma nao, lakini anahangaika kama ana kituo kizima cha televisheni cha kulisha.

Mimi nasema hapana. Na sababu yangu si ile ya wazazi, ati simu inapoteza wakati. Wakati unapotea ndiyo, lakini hata kwa mpira wa jioni unapotea na hatufukuzwi nyumbani. Sababu yangu ni hii: maisha ya kijana mmoja Sotik hayana mambo mapya 365 kwa mwaka. Mambo yako yakiisha, utaanza kuchukua ya wengine.

Angalieni vile huwa inaenda. Wiki ya kwanza unaposti mambo yako: viatu vipya, safari ya Kaplong, chapati zilizotoka kama ramani ya Afrika. Wiki ya pili ni shamba la chai likiwa na umande. Wiki ya tatu umeishiwa. Sasa kamera inageuka. Inamgeukia kogo akinywa mursik yake, hajui anarekodiwa, na meno yake yanachekwa na watu wa mbali wasiojua hata jina lake. Inawageukia watoto wa jirani wakicheza kwenye matope bila shati. Inaingia matangani na kusogelea uso wa mjane. Desemba ikifika, vijana wakiwa jandoni, kuna mtu anazungukazunguka na simu akitafuta kitu ambacho wazee wamesema tangu zamani hakionyeshwi.

Halafu tunaambiana tunatangaza utamaduni wetu. Kwani kogo alikubali? Aliulizwa kwa Kipsigis chake, akaelewa kwamba si picha ya kuweka sebuleni, ni video ya dunia nzima? Kama hakuulizwa, huo si utamaduni. Umemchukulia kitu chake, na ni rahisi kwa sababu hana simu ya kukujibu.

Na kuna hili la wachunaji wa majani. Unamwambia mama wa watu asimame, ashike majani juu, acheke, arudie kwa sababu jua lilikuwa nyuma yake. Dakika kumi zimeenda. Huyo mama analipwa kwa kilo. Hakuna karani anayepima tabasamu. Wewe umeenda na video, yeye ameenda na kikapu chepesi, na hata asante umemwandikia kwa Kiingereza chini ya posti asiyoweza kuiona.

Najua jibu linalokuja: hii ni kazi, si mchezo, vijana wanatafuta riziki. Sawa, tupige hesabu. YouTube ili wakugawie pesa za matangazo wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama video yako ni ya dakika 3, na kila mtu ameitazama mpaka mwisho, unahitaji kutazamwa mara 80,000. Na sote tunajua watu hawafiki mwisho. Ukitaka njia ya video fupi, ni mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukifaulu, serikali nayo inakungoja: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya kontenti ya mtandaoni.

Sisemi haiwezekani. Wakenya wengi wamefika huko na wanakula jasho lao. Ninachosema ni uchague. Kama ni kazi, iendeshe kama kazi: iwe na saa zake, omba ruhusa, na unayemrekodi akikusaidia kupata pesa, naye aone kitu. Huwezi kusema ni kazi unapotaka kuachiliwa usikamue ng'ombe, halafu useme ni mchezo tu unapoulizwa ni nani alikuruhusu.

Sheria nayo haiko mbali. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasamehe mambo ya mtu binafsi au ya nyumbani tu. Ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima, wenye tangazo la duka la viatu, utaueleza vipi kwamba ni wa nyumbani? Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja ambaye hakukubali. Hao ni watu wenye mawakili. Sisi tuna nini?

Lakini siwatishi na faini. Hapa kwetu gharama ni nyingine na inalipwa polepole. Kuna watu ambao wakiingia nyumba ya jirani na simu mkononi, mazungumzo yanabadilika. Mama anafunika sufuria. Wazee wanaanza kuongea juu ya mvua. Hakuna atakayekufukuza, maana sisi si watu wa kufukuza mgeni. Wataacha tu kukuambia mambo. Utakuwa na wafuasi elfu mbili huko nje, na ndani ya kijiji chako utakuwa wa mwisho kujua nani ni mgonjwa.

Shuleni tuliandika insha za "uraibu wangu", tukimaanisha kitu tunachopenda kufanya tukipumzika. Neno hilohilo, uraibu, ndilo linalotumiwa kwa mtu aliyeshindwa kuacha pombe. Hakuna aliyetuambia mpaka uko wapi. Mimi naona uko hapa: siku unapoposti kwa sababu una kitu cha kusema, ni uraibu wa insha. Siku unapotafuta kitu cha kusema kwa sababu lazima uposti, ni ule mwingine.

Na sisi hatuhitaji mwalimu wa mtandaoni kutufundisha ratiba. Tumezaliwa ndani ya chai. Unachuna majani mawili na chipukizi, halafu hayo mashina unayaacha siku 7 hadi 14, kulingana na mvua, ndipo unarudi. Ukirudi kesho yake utachuna nini? Ukikaa sana nayo, majani yanakomaa, karani anayarudisha. Na yakishachunwa hayangoji mtu, lazima yafike kiwandani siku hiyohiyo. Posti inaweza kungoja. Hakuna video iliyowahi kuoza kwa kulala kwenye simu usiku mmoja.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Mara moja kwa wiki inatosha kwa ukurasa wa kujifurahisha, na wiki isiyo na kitu ipite tu. Mtu mzima akionekana uso, aulizwe kwanza, aonyeshwe video kabla haijaenda, na akisema ifute, ifutwe bila kununa. Watoto wa watu, hapana, mpaka wazazi wao wakubali. Anayelia matangani, hapana. Jandoni, hapana kabisa. Na siku ya kuchuna, simu ikae mfukoni mpaka majani yapimwe.

Utasema wafuasi watapungua. Wacha wapungue. Wale watakaoondoka kwa sababu hukuposti Jumanne hawatakuja kukusaidia kubeba maji mama yako akilazwa. Watakaokuja ni hawa ambao jana ulitaka kuwarekodi bila kuwauliza.

Anayepinga aandike hapo chini, nitajibu. Lakini si leo. Kesho kuna majani.