Skima Legevu Haimsaidii Mtu

Mwenzetu ameandika kwamba skima ya XML ya sheria ndogo za halmashauri iwe legevu: kila kitu maandishi matupu, stailishiti ya XSLT itajijua huko mbele. Sikubaliani naye hata kidogo.

Tuseme mkulima wa Mabwerebwere, wilayani Kilosa, anataka jedwali la ushuru wa mazao lipangwe kuanzia kiwango cha chini. Kiasi kikiachwa maandishi tu, XSLT kwa kawaida yake itaweka 10000 mbele ya 9000, kwa kuwa moja hutangulia tisa. Kitangaze kuwa xs:decimal, na waraka ukishahakikiwa, stailishiti inayosoma skima itapanga sawasawa bila kuambiwa.

Kubwa zaidi ni aina zenye majina. Tangu XSLT 2.0 ya mwaka 2007, templeti inaweza kulenga aina badala ya jina la elementi. Akoma Ntoso, kiwango kilichobuniwa kwa ajili ya mabunge ya Afrika na kupitishwa na OASIS mwaka 2018, kinazipa sura, sehemu na kifungu aina moja: hierarchy. Templeti moja ya element(*, hierarchy) inazishika zote. Ukitumia aina zisizo na jina, utaorodhesha elementi moja moja, na ikiongezwa mpya, hakika utaisahau.

Kweli, nyaraka za zamani zina tarehe za ajabu ajabu. Basi tarehe iliyosafishwa iwekwe kwenye atributi ya xs:date, maneno ya asili yabaki ndani ya elementi. Hilo halihitaji kulegeza skima nzima.