Tusivisingizie Vita

Tumezoea kusema kwamba kila uharibifu wa Masisi na Walikale umeletwa na vita. Tunakataa. Vita vimewafukuza wengi mashambani, ndiyo. Lakini si vita vinavyomshika mkono mtu aangushe mti mzima wa Walikale kwa asali ya siku moja, akiteketeza nyuki pamoja na majana yao. Kule Masisi, msitu uligeuzwa malisho na makala, maua yakapungua.

Tazameni boga. Ua dume na ua jike ni mbalimbali, na chavua yake ni nzito, yenye kunata, upepo hauibebi. Pasipo nyuki, mama atachuma majani ya kupika, boga hatalipata. Basi mchoma nyuki anapunguza chakula cha jirani, nasi twamwita fundi wa asali! Papa Fransisko aliwatetea wadudu katika Laudato Si' mwaka 2015; hata hivyo dawa hupulizwa asubuhi, maua yakiwa wazi.

Wengine husema tungoje amani kwanza. Mzinga wa gogo waweza kutundikwa leo, hata penye wakimbizi. Kila kikundi kitundike mmoja, na mvunaji atumie moshi kidogo, aache masega yenye majana.